Handaki la nyumbani: ukuta unaotoka jasho, mlango usiobana, feni isiyovuta

Mtu akihamia Uswisi kutoka Mombasa, Dar au Bukavu, mlango ule hukutana nao siku ya kwanza, anapoteremshwa chini kuoneshwa stoo yake. Ni mlango wa zege wenye unene wa sentimita 20, umeshikwa na fremu ya chuma, na una mikono mikubwa ya kufungia. Nyuma yake kuna chumba kisicho na dirisha, kimejaa baiskeli na masanduku. Wenyeji wanakiita Schutzraum, yaani chumba cha kujikinga. Sisi tunaoongea Kiswahili wengi wetu tunakiita handaki, nami nitatumia neno hilohilo.

Sheria iliyoanzisha vyumba hivi ni ya mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya mgogoro wa makombora ya Cuba, dunia ilipokaribia vita vya nyuklia. Leo nchi ina mahandaki yapatayo 370,000 yenye nafasi za watu karibu milioni 9, kiasi cha kutosha wakazi wake takriban wote. Mengi yako chini ya nyumba za kawaida, na kuyatunza ni wajibu wa mwenye nyumba.

Mimi kazi yangu ni kusimamia majengo, na manne kati ya ninayoyatunza yana mahandaki ya miaka ya 1970. Vita vilipoanza Ukraine Februari 2022, wapangaji ambao hawakuwahi kuuliza lolote kuhusu chumba kile walianza kugonga mlango wangu. Swali lilikuwa moja: kinafanya kazi? Niliteremka na tochi, nikazungusha hendeli ya feni, haikusogea. Yafuatayo ni niliyojifunza tangu siku ile, kwa mkono wangu na kwa kuwasumbua mafundi wenye uzoefu kunizidi.

Anza kwa kuelewa chumba kinakukinga na nini. Bomu la nyuklia likilipuka karibu na ardhi hunyanyua udongo, udongo huo huchanganyika na mabaki yenye mionzi, kisha hushuka kama vumbi likifuata upepo, hata mamia ya kilomita kutoka palipolipuka. Ukali wake ni mkubwa saa za mwanzo. Kanuni inayotumika ni ya saba na kumi: kila muda ukizidi mara 7, mionzi hupungua mara 10. Zikipita saa 7, imebaki sehemu moja ya kumi ya ile ya saa ya kwanza. Zikipita siku 2, sehemu moja ya mia. Zikipita wiki 2, sehemu moja ya elfu. Handaki linatakiwa likuvushe katika siku hizo. Zege hukata mionzi hiyo nusu kwa kila sentimita 6 hivi, kwa hiyo ukuta wa sentimita 30 hupitisha kama sehemu moja ya 32. Feni nayo huvuta hewa ya nje kupitia chujio na kukijaza chumba mpaka mgandamizo wa ndani uwe juu kidogo kuliko wa nje. Hapo hata pakiwa na tundu dogo, hewa hutoka, haiingii. Ukiyaweka hayo kichwani, utajua kasoro ipi inaweza kusubiri na ipi isisubiri.

Ukuta unatoka jasho, masanduku yameota ukungu

Hili ndilo lalamiko ninalolipata kuliko yote, na ndilo linalozaa mengine: kutu ya bawaba, mota iliyoganda, magodoro yenye madoa meusi. Kabla hujanunua dawa yoyote, jua maji yanatoka wapi. Kuna maji yanayopenya kutoka udongoni, na kuna mvuke uliomo hewani unaogeuka matone ukigusa ukuta wa baridi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Chukua kipande cha nailoni safi, nusu mita kwa nusu mita, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne hewa isipite. Kiache siku 2 au 3. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande unaotazama chumba, tatizo ni mvuke. Matone yakiwa nyuma yake, kati ya nailoni na zege, maji yanatoka udongoni. Yakiwa pande zote mbili, una kazi mbili.

Kwangu mara nyingi jibu limekuwa mvuke, na aliyeuleta alikuwa na nia njema. Sisi tuliokulia pwani tumelelewa kwamba chumba chenye uvundo kifunguliwe jua likiwaka. Basi kiangazi kikifika mtu anauacha mlango wa handaki wazi Julai nzima akidhani anakausha. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 19 hivi. Ukuta wa handaki uko nyuzi 15 au 16. Kila saa ya mlango wazi mchana wa joto, unaulowesha ukuta. Mama mmoja wa Bukavu katika jengo mojawapo alipoteza magunia mawili ya unga wa muhogo aliotumiwa kwa gharama kubwa. Aliniita, "Ndugu, njoo uone," nikakuta unga umeshikana mabonge na umegeuka kijani. Alikuwa ameufungulia mlango kila mchana ili upate hewa.

Kwa hiyo pepea chumba wakati nje kuna baridi kuliko ndani. Majira ya baridi, dakika 20 mara mbili kwa wiki hufanya kazi kuliko mashine. Kiangazi, fungua alfajiri tu, tena ukiwa na kipima unyevu cha bei nafuu kinachokuonesha kama hewa ya ndani inapungua unyevu au inaongezeka. Lengo ni chini ya asilimia 65. Ikishindikana, weka mashine ya kukausha hewa, na ndoo yake imwagwe na mtu anayejulikana kwa jina, maana "tutasaidiana" ina maana hakuna atakayeimwaga. Nguo zisianikwe mle: mzigo mmoja uliotoka kwenye mashine ya kufulia bado una lita mbili hivi za maji, nayo yote huishia ukutani. Vitu vikae juu ya palleti, sentimita 10 kutoka ukutani, kwenye masanduku ya plastiki badala ya maboksi ya karatasi.

Ukungu uliokwisha kuota usifagiliwe ukiwa mkavu, utaupeperusha chumba kizima. Vaa barakoa ya FFP2 na glovu, lowesha, futa, tupa kitambaa. Kwenye zege lililopakwa rangi, dawa ya klorini iliyozimuliwa inatosha, mlango ukiwa wazi. Usiichanganye na siki wala na sabuni ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka inaweza kukuangusha kabla hujaufikia mlango. Spiriti nayo, ambayo mafundi wengine huisifu, sishauri itumike kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa sababu mvuke wake unawaka.

Chumvi nyeupe, rangi inabanduka, madoa ya kutu

Kama nailoni imeonesha maji ya udongoni, tembea nje kabla ya kugusa ndani. Tazama bomba la mvua linamwaga wapi, tazama kama bustani imeinuliwa ikaegemea ukuta, tazama kama lami ya maegesho imedidimia upande wa nyumba. Katika jengo moja chanzo kilikuwa kiungo cha bomba la mvua kilichochomoka chini ya ardhi. Ndani tulikuwa tumeshapaka rangi ya kuzuia maji mara tatu, na mara zote tatu maji yaliisukuma kutoka nyuma ikabanduka kama ngozi ya kiazi. Rangi ya ndani haizuii maji yanayosukuma kutoka nyuma yake. Chumvi nyeupe unayoiona ni madini yaliyobebwa na maji hayo. Isugue kwa brashi kavu, usiimwagie maji, kwa kuwa itayeyuka na kurudi ndani ya zege.

Ufa mwembamba kama unywele, usiotoa maji wala kutu, ni wa kawaida kwenye zege la umri huu. Uchoree mstari wa penseli kila mwisho wake, andika tarehe, rudi baada ya miezi 6. Ukiwa umerefuka au umepanuka, mwite injinia. Doa la rangi ya kahawia linalotiririka kutoka kwenye ufa ni habari nyingine: nondo inakula kutu, na kutu huvimba ikasukuma zege litoke. Gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka doa. Mlio wa wazi, kama debe tupu, unakuonesha zege limeachana na nondo mpaka wapi. Sehemu hiyo ivunjwe itolewe yote, nondo isuguliwe mpaka ing'ae, ipakwe dawa ya kuzuia kutu, ijazwe chokaa maalumu cha kukarabati zege. Kuziba juujuu kwa plasta kunaficha tu kinachoendelea.

Mlango hautembei, au unafunga lakini haubani

Mwaka 1987 palifanyika zoezi kubwa la kujikinga mjini Luzern, kwenye handaki la Sonnenberg lililokusudiwa watu 20,000. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana pale ni kwamba mmoja wa milango yake mikubwa, wenye unene wa mita moja na nusu, haukuweza kufungwa sawasawa. Mlango wa nyumbani kwako ni mdogo, lakini unaugua magonjwa yaleyale: kukaa muda mrefu bila kutembezwa, na kubanwa muda mrefu bila kufunguliwa.

Ukisukuma na mlango ukagoma mwanzoni kisha ukaenda, ni grisi iliyokauka kwenye bawaba. Bawaba nyingi zina chuchu ya grisi; pampu mpaka grisi mpya itokee, futa ya zamani. Kama hakuna chuchu, tumia oili nyembamba kwanza, tembeza mlango mara kumi au zaidi, kisha paka grisi. Usiulazimishe kwa mtaimbo, fremu itapinda, na fremu iliyopinda si kazi ya msimamizi wa jengo.

Ukisikia chuma kikisugua zege chini, mara nyingi sakafu imeongezwa: mtu ametandika vigae au linoleamu bila kuupigia mlango hesabu. Mlango wa handaki haukatwi wala haupigwi randa kama wa mbao. Kinachotoka ni vigae.

Mlango unaofunga lakini haubani, mtuhumiwa wa kwanza ni raba. Paka chaki raba yote ya mlango, funga mikono yote miwili ya mlango mpaka mwisho, fungua. Fremu inatakiwa iwe na mstari wa chaki usiokatika, njia iliyozoeleka melini kukagua vifuniko vya ngama. Mahali mstari ulipokatika ndipo hewa inapopita. Pitisha kidole hapo kwenye raba. Ikiwa ngumu na ina mipasuko midogo ukiipinda, imezeeka, ibadilishwe nzima. Kiraka cha gundi hakidumu. Ikiwa laini lakini imelala bapa, imebanwa miaka mingi. Hapa pana kosa ambalo nyumba nyingi hulifanya kwa kudhani ni usalama: kukaza mikono ya mlango kila jioni. Siku za kawaida mlango uegeshwe tu, raba isibanwe. Na kama raba ina rangi ya mafuta juu yake, kwa sababu fundi rangi aliona aimalizie kazi vizuri, rangi hiyo imeshaigandisha. Raba haipakwi rangi kamwe. Isafishwe kwa maji na sabuni, ikauke, ipakwe poda ya talki.

Wakati mwingine raba ni nzima na mstari bado unakatika upande wa bawaba. Hapo mlango umelala kwa uzito wake. Bawaba nyingine zina skrubu ya kuinulia. Robo duru kwa wakati mmoja, chaki tena, robo duru nyingine. Mlango huu una uzito wa mamia ya kilo, kwa hiyo usiulegeze bawaba zote, wala usifanye kazi hii peke yako.

Feni

Kwenye mashine ya hewa pana kibao kilichoandikwa VA na namba, kwa mfano VA 40. Namba hiyo ni mita za ujazo za hewa kwa saa mashine inapopitisha kwenye chujio la gesi. Kila mtu anahesabiwa mita 3 kwa saa, hivyo VA 40 inahudumia watu 13. Bila chujio hesabu ni mita 6 kwa mtu. Mashine ina mota ya umeme na hendeli ya mkono, ili umeme ukikatika watu wapokezane kuzungusha.

Chomoa plagi kabla ya kugusa chochote. Jaribu hendeli. Ile ya kwangu, iliyokataa kabisa, ilikuwa na grisi ya miaka zaidi ya 30 iliyogeuka kama nta kwenye giaboksi. Hatukuilazimisha. Fundi alifungua kifuniko, akaosha meno kwa dizeli kidogo na brashi, akakausha, akatia grisi mpya, na ikazunguka kwa mkono mmoja. Hendeli inayozunguka lakini ina mahali inagota kila duru, jino limevunjika au beringi imeliwa na kutu. Beringi ni kitu cha kawaida, namba yake imechongwa ubavuni.

Kama hendeli ni nyepesi lakini mota ukiiwasha inanguruma bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji ya kuianzisha mota. Ni kipuri cha bei ndogo, ila akibadilishe fundi umeme, kwa kuwa kapasita huweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa nje. Mota iliyo kimya kabisa, anza na fyuzi na swichi kabla ya kuilaumu. Na kabla ya kuwasha umeme hakikisha hendeli imetolewa. Kwenye mashine nyingine huzunguka pamoja na mota, na inaweza kukuvunja mkono.

Mota inazunguka vizuri lakini mshale wa kipima hewa haufiki kwenye alama: hapa fuata njia ya hewa kutoka nje kuja ndani, usianzie kwenye mashine. Tundu la nje la kuvutia hewa ndilo ninalolikuta na kasoro mara nyingi zaidi. Nimekuta vyungu vya maua juu yake, majani makavu, kiota cha nyigu, na safari moja kifusi cha baraza jipya la jirani. Baada ya hapo njoo kwenye vali ya mlipuko, ile inayojifunga wimbi la mlipuko likija ili lisiingie ndani. Kutu huweza kuiacha imefunga nusu. Kisha chujio la vumbi la mwanzo. Mwisho bomba laini la kuunganisha: likunje taratibu mahali pa mikunjo utafute mipasuko, na ukaze vibanio vyake.

Chujio la gesi lenyewe, lile pipa la chuma pembeni, usiliguse. Ndani yake kuna kaboni, nayo kaboni hufyonza unyevu na harufu za chumba kama inavyofyonza sumu. Ndiyo sababu linakaa limezibwa, likiwa na lakiri ya risasi, bila kuunganishwa na mashine, mpaka mamlaka zitangaze liunganishwe. Kila jaribio la feni linafanywa bila kulipitia. Watu wawili katika jengo moja walilifungua "kuhakikisha kama bado ni zima". Kabla ya kulifungua lilikuwa zima. Lakiri iliyokatika, kutu iliyotoboa pipa au kifuniko kilicholegea, chujio linahesabika limekwisha, hata ukilifunga tena siku hiyohiyo. Toa taarifa kwa ofisi ya ulinzi wa raia ya manispaa, nao watakuelekeza lipi linaruhusiwa kuwekwa badala yake.

Endesha feni angalau mara moja kwa mwaka, kwa umeme robo saa na kwa mkono dakika chache. Mimi naifanya kila miezi mitatu kwa sababu nimeona inavyoganda.

Feni inavuta, mlango unabana, lakini chumba hakishiki hewa

Ukiwasha feni na mlango ukiwa umekazwa, vali ya kutolea hewa inatakiwa ifunguke yenyewe, uone kisahani chake kikicheza. Kikilala kimya, ama kimegandishwa na rangi au kutu, kiinue kwa kidole uone, ama hewa inatokea mahali pengine.

Kupatafuta hapo pengine natumia ubani. Washa chetezo, simama ndani feni ikiwa inafanya kazi, pitisha moshi polepole karibu na fremu ya mlango, mabomba, soketi na pembe za dari. Mahali penye tundu moshi utanyooka na kuvutwa kama uzi. Hakuna kifaa kingine kilichonisaidia kuliko hicho. Safari moja moshi ulinipeleka nyuma ya kabati hadi kwenye tundu la milimita 16 lililotobolewa ukuta mzima ili waya wa intaneti upite kwenda stoo ya pili. Aliyelitoboa hakujua ni ukuta wa nini. Tundu la namna hiyo halizibwi kwa povu la kupuliza kutoka kwenye kopo. Povu ni jepesi, halizuii mionzi, na wimbi la mlipuko litalichomoa. Linajazwa kwa chokaa kisichosinyaa, unene wote wa ukuta. Kama waya au bomba lazima lipite, kuna viungo maalumu vilivyoidhinishwa, na unaomba ruhusa kwanza. Wapangaji waelezwe hili kabla hawajatundika rafu.

Njia ya dharura, umeme, harufu

Kifuniko cha sentimita 60 kwa 80, au mlango mdogo unaoingia kwenye shimo la kutokea nje, kifunguliwe kila mwaka na mtu apande mpaka juu. Maji yaliyotuama chini ya shimo maana yake mfereji wake umeziba kwa majani. Zibua kwa mkono, mimina ndoo ya maji, uone inakwenda. Wavu wa juu lazima ufunguke kutoka ndani bila ufunguo. Kufuli lililowekwa kwa hofu ya wezi litolewe. Na utazame pia kilicho juu ya wavu, maana gari likiegeshwa hapo hata mtu mwenye nguvu hatoki.

Sakiti breka inayojizima kila baada ya mvua, au taa inayopepesa, karibu daima ni unyevu kwenye soketi au kwenye boksi la maungio. Fundi umeme mwenye leseni aione, nawe urudi kwenye sehemu ya jasho la ukuta.

Harufu ya choo bila choo inatoka kwenye tundu la sakafu: maji ya mtego yamekauka, hewa ya bomba la maji machafu inapanda. Mimina lita 2 za maji na vijiko vichache vya mafuta ya kupikia yaelee juu, hayatakauka upesi. Harufu ya ardhi iliyofungiwa ni unyevu. Lakini radoni, gesi yenye mionzi, haina harufu, nayo hupenya kutoka ardhini na kujikusanya kwenye vyumba vya chini visivyopitisha hewa. Kiwango cha kulinganishia Uswisi ni bekereli 300 kwa mita ya ujazo. Kama mtu ameligeuza handaki kuwa chumba cha muziki, cha mazoezi au cha watoto kuchezea, weka kipimo majira ya baridi, kwa miezi mitatu. Mimi mwenyewe sikubali watoto wachezee mle kabla matokeo hayajarudi.

Jambo moja linalonitia hofu kuliko ukungu: vifaa vya kabla ya 1990, mwaka ambao Uswisi ilipiga marufuku asbestosi, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake likivutwa huleta saratani. Kamba za kuziba kuzunguka mabomba, gasketi ngumu za rangi ya kijivu, vibao vya nyuma ya mashine za umeme, vyote vinaweza kuwa nayo. Ukiona kitu cha namna hiyo kinamomonyoka, usikikwangue, usikitoboe, usifyonze vumbi lake kwa mashine. Funga mlango, kipande kipelekwe maabara na mtu aliyefunzwa.

Chumba kizima, lakini hakuna pa kukaa

Mamlaka hukagua mahandaki haya angalau mara moja kila miaka 10. Mkaguzi anaangalia mengi kati ya niliyoyataja, na hana ugomvi na stoo yako, kwa kuwa sheria inaruhusu chumba kitumike siku za kawaida. Sharti ni kwamba kiweze kutolewa vitu vyote ndani ya siku 5. Kila mtu anahesabiwa mita mraba 1 tu ya sakafu, kwa hiyo kabati moja linalobaki limekula nafasi ya mtu.

Msimu uliopita niliwaomba wapangaji wa jengo moja tujaribu kwa kweli. Walikuja wanane, Jumamosi asubuhi. Baiskeli, matairi ya barafu, mvinyo wa mzee wa ghorofa ya tatu, vyote vilikuwa nje kabla ya adhuhuri. Kilichotushinda ni sofa. Liliingizwa likiwa vipande, likafungwa skrubu mle ndani, na mlango una upana wa sentimita 80. Tulilifungua mguu kwa mguu mpaka saa nane. Sasa kwenye ukuta wa nje wa handaki kuna karatasi yenye orodha ya kila kitu kilichomo, jina la mwenyewe, na kama kinahitaji bisibisi kutoka.